Mgeni Amepewa Jembe, Ujira Wake Uko Wapi?

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu zetu waliotoka visiwani humu, na katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki, kwenda Ulaya kutafuta riziki na elimu wamekwisha kupewa jembe, tena zamani. Wanauguza wazee wa watu, wanafagia mahospitali, wanapakia mizigo katika maghala usiku kucha. Kazi yao haikukataliwa, wala kodi yao haikukataliwa. Kinachokataliwa ni jina lao katika daftari la benki. Twauliza: ni uungwana gani huo wa kuipokea mikono ya mtu na kuukataa mfuko wake?

Asije mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo. Katika nchi zile akaunti ya benki si pambo la tajiri. Mshahara hupitia benki, kodi ya nyumba hupitia benki, na umeme hulipwa kwa benki. Asiye na akaunti hapati mwajiri wa halali, na mwenye nyumba hamtaki. Kisha tazameni kitanzi alichotegewa mgeni. Benki humtaka alete ushahidi wa mahali anapokaa. Akenda kutafuta mahali pa kukaa, mwenye nyumba humtaka alete akaunti ya benki. Huyu amrudisha kwa yule, na yule amrudisha kwa huyu, hata fedha kidogo alizokuja nazo zikamwishia mkononi. Hapana aliyemwambia waziwazi kwamba hatakiwi, lakini amekwisha kufukuzwa.

Linalotuudhi zaidi ni kwamba hayo hutendeka mahali ambapo sheria imekwisha kusema kinyume. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 amri juu ya akaunti za malipo, Namba 92 ya mwaka huo, na nchi wanachama zikatakiwa kuitekeleza kuanzia Septemba 2016. Amri hiyo inasema kuwa kila mtu anayekaa kihalali katika Umoja huo ana haki ya kupata akaunti ya msingi: ya kuwekea fedha, kutolea, kulipia na kupelekea. Haki hiyo haikuwekewa wenyeji peke yao. Imewataja asiye na anwani ya kudumu, anayeomba hifadhi, na hata yule asiye na kibali cha ukaazi ambaye haiwezekani kumwondosha nchini. Benki imepewa siku 10 za kazi, tangu kupokea maombi yaliyokamilika, ama ifungue ama ikatae. Ikikataa, haina budi kumjulisha mwombaji kwa maandishi, bila ya malipo, na kumweleza sababu, isipokuwa pale ambapo usalama wa taifa au sheria za fedha haramu zinakataza.

Ujerumani imeitia amri hiyo katika sheria yake, na haki ya akaunti ya msingi ilianza huko Juni 2016. Ufaransa ilitangulia, kwani haki ya akaunti ilitiwa katika sheria yake ya mabenki ya mwaka 1984, na aliyekataliwa huiendea Benki Kuu ya nchi hiyo, nayo humteulia benki ya kumpokea. Basi karani anayemtazama mtu usoni, akaitazama paspoti yake, kisha akamwambia "hatufungulii wageni", huyo hasemi kwa niaba ya sheria. Anasema kwa niaba ya nafsi yake, au ya bwana wake aliyemwajiri.

Tutajibiwa kwamba mabenki yanaogopa fedha chafu. Vyema, nasi twazichukia fedha chafu kuliko wao, kwa kuwa nyingi ziliibwa kwetu. Lakini na tuulize ni mgeni yupi aliyewahi kuzipitisha. Jenerali Abacha wa Nigeria alipokwisha kufa mwaka 1998, wasimamizi wa fedha wa Uingereza walichunguza, na Machi 2001 wakatangaza kwamba benki 23 za nchini mwao zilihusika na akaunti za jamaa zake na washirika wao. Katika hizo, 15 zilikutwa na udhaifu mkubwa katika ulinzi wao. Dola bilioni 1.3 zilipita. Na tawi la Danske Bank huko Estonia lilipitisha, baina ya mwaka 2007 na 2015, Euro zipatazo bilioni 200 za wateja wasiokuwa wakaazi wa nchi ile. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitiliwa shaka, na Desemba 2022 benki hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani.

Hao nao walikuwa wageni! Hapana aliyewataka ankara ya umeme. Hapana aliyewasimamisha dirishani, nyuma yao watu wakiguna. Walifunguliwa mlango wa nyuma, wakaketishwa, wakaandaliwa kahawa. Mlango wa mbele ndio uliowekwa bawabu, apate kumkagua muuguzi anayeleta mshahara wa mwezi mmoja. Huo si ulinzi. Ni kumwacha papa apite na kuutandaza wavu kwa dagaa.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Uhamiaji ya mwaka 2014 imeyafanya mabenki kuwa askari wa mpakani: yasimfungulie akaunti mtu asiye na ruhusa ya kukaa. Mkaguzi wao wenyewe wa mambo ya uhamiaji aliripoti mwaka 2016 kwamba wamo waliokataliwa kwa makosa, hali wana haki. Januari 2018 ukaanza uchunguzi wa akaunti zilizokwisha kufunguliwa, na mwaka huohuo ukasimamishwa, pale dunia ilipojua jinsi walivyoteswa wazee wa Karibea walioingia nchini humo kihalali tangu utoto wao. Hayo ndiyo matunda ya kumpa karani wa fedha kazi ya hakimu.

Nasi tusijifanye vipofu kwa makosa ya nyumbani. Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa katika orodha ya kijivu ya chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, kwa upungufu wa usimamizi wake, nayo haikutolewa mpaka Juni 2025. Miaka hiyo yote kila mwenye paspoti ya nchi hii alibeba begani mzigo wa uzembe ambao hakuufanya yeye. Waliozembea walikuwa ofisini. Waliosimamishwa dirishani ni wana wetu. Kila mwaka twawasikia wakubwa wakizisifu fedha zinazotumwa na ndugu walio ng'ambo. Hatujawasikia wakiuliza fedha hizo zimepita njia gani ya miiba.

Basi twawaambia ndugu zetu walioko huko, na wanaojitayarisha kwenda, maneno haya wayashike.

Kwanza, msiombe akaunti kwa mdomo. Ombeni kwa maandishi, itajeni akaunti ya msingi kwa jina lake, na mdai stakabadhi yenye tarehe. Siku 10 hazihesabiki pasipo na tarehe.

Pili, mkikataliwa, dai lenu liwe barua ya kukataliwa yenye sababu. Neno la karani ni upepo, na barua ni ushahidi. Kwa Ujerumani, ushahidi huo hupelekwa kwa BaFin, wasimamizi wa mabenki, nao wana uwezo wa kuiamuru benki ifungue akaunti.

Tatu, ulizeni ada kabla ya kutia sahihi. Haki isiyolipika si haki. Juni 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliitangaza kuwa batili ada ya Euro 8.99 kwa mwezi ambayo benki moja iliwatoza wenye akaunti ya msingi, kwa kuwa gharama ya kuwahudumia watu hao haikustahili kubebeshwa wao peke yao.

Nne, mtu asimwazime mwenziwe akaunti, wala asipokee fedha asizozijua kwa ahadi ya kugawiwa. Twajua kwamba wengi hufanya hivyo kwa huruma. Lakini mwenye jina ndiye mwenye mashitaka, na mwenye mshahara katika akaunti ya mwenziwe hana dai siku wakigombana.

Tano, mnapopeleka fedha nyumbani kwa benki, jueni kwamba Tanzania haitumii namba ya IBAN. Toeni namba ya akaunti ya mpokeaji na alama ya SWIFT ya benki yake. Ulizeni pia ni nani atakayelipa ada za benki za kati, kwani zisipolipwa na mpelekaji hukatwa njiani, na mama akapokea pungufu akadhani mwanawe amemdanganya.

Na hizo ada ni dhuluma ya pili. Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kupeleka fedha iwe chini ya asilimia 3. Hata hivyo, taarifa za Benki ya Dunia zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kupeleka Afrika kusini ya Sahara ni ghali kuliko kanda nyingine zote. Maskini ndiye anayetozwa zaidi kwa kumsaidia maskini mwenziwe.

Twaitaka serikali isikae kimya. Kila ubalozi uwe na mtu anayezijua sheria hizi za akaunti, awaandikie raia barua, na aziandikie benki zinazovunja sheria za nchi zao wenyewe. Hilo halihitaji hazina, lahitaji nia. Balozi anayeandaa karamu ya sikukuu hashindwi kuandika barua.

Hatuombi sadaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hii imekwisha kuandikwa na hao hao wanaoinyima, kwa lugha zao na kwa mihuri yao. Mgeni amelishika jembe, na shamba limelimwa. Sasa alipwe, tena alipwe kwa jina lake mwenyewe.