Ligi ya Zanzibar Isimezwe

Simba au Yanga wakivuka bahari kuja kucheza Kombe la Mapinduzi, Uwanja wa Amaan hufurika. Wakishaondoka, KVZ na Zimamoto wanakutana kwenye ligi, na watazamaji unaweza kuwahesabu. Hapo ndipo maneno ya barazani huanza: ligi hii imekufa, bora timu zetu zikacheze Ligi Kuu Bara zipate ushindani wa kweli. Wanaosema hivyo ni watu wanaoupenda mpira kwa dhati. Hata hivyo naamini wamekosea, tena kwa kosa ambalo likishatendeka ni vigumu kulirudisha nyuma.

Wanaanza na kiwango. Januari 13, 2024, Mlandege, klabu ya uraiani isiyo na kikosi cha serikali nyuma yake, iliifunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Mapinduzi. Mwaka uliotangulia ilichukua kombe hilohilo kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1. Nitaambiwa kombe la wiki mbili si ligi, na hilo nalikubali. Basi tuwatazame wachezaji. Feisal Salum aliivaa jezi ya JKU kabla Bara haijamjua. Ibrahim Hamad "Bacca" alikuwa beki wa KMKM mpaka Yanga walipomchukua mwaka 2022. Vijana hawa walipikwa hapahapa, kwenye mechi hizo zinazodaiwa hazina maana, wakikosea na kupangwa tena.

Ligi ikiwa moja, klabu ngapi za visiwani zitapata nafasi? Mbili, pengine tatu, na zote za Unguja. Kijana wa Wete, kule Pemba, atabaki na nini? Tusisahau kwamba misimu michache iliyopita Unguja na Pemba zilicheza kanda mbalimbali, zikaja kukutana mwishoni kwenye Nane Bora. Tumehangaika mpaka tukapata msimamo mmoja, timu za Pemba zikipanda boti kuja Amaan na za Unguja zikienda Gombani. Kuubomoa leo ni kuwaambia Wapemba warudi kucheza ndondo.

Wazee hunikumbusha Ligi ya Muungano: KMKM bingwa 1984, Malindi 1989 na tena 1992. Wanaitaja kama ushahidi kwamba tulipochanganyika na Bara tuling'ara. Mimi naiona kinyume. Timu hizo zilikwenda Muungano zikiwa zimeshapigana nyumbani. Ligi ya Zanzibar ndiyo iliyozichuja na kuzipeleka. Anayetaka Muungano urudi kwa mtindo ule, niko naye. Anayetaka ligi ya nyumbani ifutwe hawezi kuutumia ushahidi huo.

Hoja inayonipa shida ni ya timu za vikosi. JKU, KMKM, KVZ, Mafunzo: mchezaji akisajiliwa huko ana matumaini ya ajira, na klabu ya mtaani haina cha kumpa isipokuwa nauli na ahadi. Huo si usawa, na unawachosha wanaobeba klabu za uraiani kwa mifuko yao. Lakini dawa yake ni udhamini unaogawiwa klabu zote na mapato ya mlangoni yenye hesabu wazi. Kuhamia Bara hakutaleta usawa: huko klabu ya uraiani kama Malindi itakutana na matajiri wakubwa zaidi.

Kuna jambo ambalo barazani halitajwi. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Julai mwaka huohuo ikaufuta uanachama, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Tuliumia sana. Tulichobaki nacho ni nafasi zetu mbili, bingwa wetu kwenye Ligi ya Mabingwa na mwenzake kwenye Kombe la Shirikisho, na nafasi hizo zinasimama juu ya ligi hii tunayoidharau. Siku tutakayoikabidhi Bara, tutakwenda CAF kumtaja bingwa wa nini?