Stika ya kwenye kioo hailindi mzigo wako

Muulize mwenye lori pale Awindiri kama ana bima. Atakuonyesha stika kwenye kioo cha mbele, tena kwa kujiamini. Muulize stika hiyo italipa nini lori likipinduka na magunia yote yakamwagika mtaroni, na hapo jibu huanza kuyumba. Sisi tunaona kosa si lake. Anauziwa kitu kwa maneno ambayo hakuna aliyejisumbua kumfafanulia.

Neno bima limetufikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake inahusishwa na neno la Kiajemi bim, yaani hofu. Wenzetu wanaozungumza Kiarabu huita taamini, kutoka shina lile lile lililotupa amani na amana. Mkongomani wa Ariwara husema asiransi, Kifaransa cha uhakika. Kitu kimoja, huyu anakiita kwa hofu, yule kwa amani, wa tatu kwa uhakika. Hilo halina ubaya. Ubaya upo pale dalali anapotumia neno moja kwa vitu vitatu au vinne tofauti, na mteja anaondoka bila kujua amenunua kipi.

Tuanze na stika. Hiyo ni bima ya mtu wa tatu, ambayo Watanzania huiita bima ndogo, na Uganda iliilazimisha kwa sheria ya mwaka 1989. Wa kwanza ni wewe uliyekata bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule utakayemgonga. Dereva wako akimjeruhi mwendesha bodaboda, bima hiyo inamhusu majeruhi, tena kwa kiwango kilichowekewa ukomo. Lori lako haimo. Dagaa wako hawamo. Kulilinda lori unahitaji bima kubwa, na hata hiyo bima kubwa ni ya gari. Shehena inakatiwa bima yake peke yake, ile ya mizigo safarini.

Kisha kuna Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987. Wapo wanaoamini kwamba ukiwa nayo umelindwa kwa kila kitu hadi Kisangani. La. Kadi hiyo inaichukua ile bima ya mtu wa tatu na kuivusha mpaka, ikiongeza matibabu ya dereva na abiria waliomo garini. Ni jambo la maana sana, maana bila yake ungelazimika kununua bima nyingine kila unapoingia nchi mpya. Lakini inafanya kazi katika nchi zilizoandikwa juu yake tu. Anayevuka Vurra kwenda Kongo, na hasa anayepita Koboko kwenda Oraba na Kaya, asome orodha hiyo kabla ya kupakia, si baada ya ajali.

Neno linalowaumiza watu zaidi ni dhamana. Mzigo wa kupita njia unapofungiwa dhamana ya forodha, mfanyabiashara hulipia na kupewa karatasi yenye jina la kampuni ya bima. Anadhani mzigo umelindwa. Kilicholindwa ni kodi ya serikali. Mzigo usipotoka nchini kama ulivyoandikwa, mdhamini ataitwa kumlipa mtoza ushuru, halafu atakugeukia wewe akudai. Umelipia ulinzi wa mtu mwingine.

Fidia nayo ina mtego. Maana yake ni kurudishiwa ulichopoteza, bila faida juu. Tuseme shehena ina thamani ya shilingi milioni 20, nawe ili kupunguza ada ukaitaja kuwa milioni 10. Mvua ikaharibu nusu yake. Hasara ni milioni 10, na wewe unasubiri milioni 10. Kampuni itasema ulikata bima ya nusu ya mali, hivyo utalipwa nusu ya hasara, milioni 5. Kwa hesabu za bima hawajakuibia. Lakini ni nani alikwambia siku ulipoweka sahihi?

Na vita? Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, Waganda walirudi kwa misafara ya jeshi na kuacha nyuma maduka na bidhaa. Mikataba ya kawaida huweka vita na ghasia nje, kwa maandishi madogo. Upo ulinzi wa hatari za kisiasa, na shirika la ATIDI lenye makao Nairobi lilianzishwa mwaka 2001 kwa kazi hiyo, ila mlango wake umezoeleka na mabenki na makampuni makubwa. Mama mwenye magunia 12 ya unga hana pa kugonga. Bima yake ni kikundi chake, kuchangiana mmoja akipatwa, na tusiidharau, kwani angalau sharti zake anazielewa zote.

Mikataba ya Uganda huandikwa kwa Kiingereza, ya Kongo kwa Kifaransa. Mpakani watu wanapatana bei kwa Kiswahili, Kilingala na Kilugbara. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005. Kongo imekuwa mwanachama kamili tangu Julai 2022. Kisingizio kimebaki kipi?

Tunaitaka mamlaka inayosimamia bima Uganda, na ile ya Kinshasa, ARCA, zilazimishe kila kampuni kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili na kila mkataba unaouzwa kwa biashara ya mpakani. Ukurasa huo useme nani atalipwa, kwa jambo gani, hadi kiasi gani, katika nchi zipi, na nini hakitalipwa kabisa. Hayo matano yabandikwe pia kwenye ukuta wa forodha Vurra na Oraba, kwa Kilugbara na Kilingala vilevile. Hadi hilo lifanyike, usitoe pesa kabla dalali hajakujibu yote matano na kuyaandika nyuma ya risiti.