Kijani tangini si ugonjwa, usikimbilie dawa

MPENZI msomaji, ikiwa sebuleni mwako mna tangi la samaki, hebu weka kikombe cha chai kando kidogo ulitazame. Kioo chake ki safi? Au kimeshika utelezi wa kijani, mawe yameota ndevu na maji yamefanana na mchuzi wa sukuma wiki? Ikiwa ni hivyo, najua linalokupitia akilini, kwani mimi pia lilinipitia: dukani kuna dawa, vifuniko viwili tu na kesho maji yatang'aa.

Nakuomba usiimimine kabla hujanisikiliza. Mimi niliimimina, na majuto yake ni mjukuu kweli.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Wakwe zangu walikuwa waje siku ya pili kwa chakula cha mchana. Mama watoto alikuwa amefua mapazia na kupiga sakafu deki, na kilichobaki kututia aibu kilikuwa tangi lile. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu sita na konokono wawili. Mwenyewe hasa alikuwa binti yangu, kifungua mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Kila mmoja alikuwa amempa jina, na hakuna asubuhi aliyopanda basi la shule kabla ya kuwalisha.

Nikashuka mjini. Muuzaji mmoja akachota dawa kutoka mtungi mkubwa, akanimiminia katika chupa ndogo ya soda isiyo na maandishi yoyote. "Vifuniko viwili, mzee, basi," akaniambia. Dawa yenyewe ilikuwa ya rangi ya samawati, ya kupendeza macho. Nami kwa haraka ya wageni nikatia vitatu, nikazima taa, nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wakihema kama watu waliopanda mlima mbio. Kufikia mapambazuko wanne walikuwa wamekufa. Konokono walikuwa wamelegea, wametoka nusu katika magamba yao. Binti yangu alisimama mbele ya kioo na gauni lake la kulalia, akanitazama, akauliza: "Baba, si ulisema ni dawa?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo ninalotaka kukugawia.

Dawa nyingi za kuua mwani, yaani ule utelezi wa kijani, hutengenezwa kwa madini ya shaba. Wazee wetu waliijua kwa jina la mrututu, na yeyote aliyekulia katika mashamba ya kahawa ameona majani yaliyonyunyiziwa dawa ya shaba ili kuzuia magonjwa. Shaba huua mwani, hilo ni kweli. Lakini haichagui. Konokono na uduvi hufa kwa kiasi kidogo sana, kisichoweza hata kumdhuru samaki. Kiasi kikizidi, samaki naye huumia matamvua, yaani mashavu yake ya kupumulia.

Hapa msomaji wa Nairobi awe makini zaidi. Maji mengi ya mfereji jijini hutoka mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, yanayolishwa na mito ya milima ya Nyandarua. Ni maji laini. Sabuni hutoa povu upesi. Kwa mwenye kufua hiyo ni neema, lakini kwa mwenye samaki ni tahadhari, kwa kuwa sumu ya shaba huwa kali zaidi katika maji laini kuliko katika maji yenye chokaa nyingi. Kipimo kisichomdhuru samaki wa mwenzako anayetumia maji magumu kinaweza kumuua wako.

Hatari ya pili wengi hawaijui. Mwani ukifa wote kwa pamoja, hautoweki. Huoza. Nao uozo hula hewa ya oksijeni iliyomo majini. Maji yenyewe hayana oksijeni nyingi ya kuchezea: lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi, na joto likifika nyuzi 30, kama ilivyo kawaida Mombasa, hubeba kama 7 na nusu tu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mimea na mwani uliosalia nao huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Ndiyo sababu samaki wangu walikuwa wakihema alfajiri, saa ambayo hewa majini huwa chache kabisa.

Usidhani haya ni mambo ya vioo vya sebuleni pekee. Mwaka wa 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba katika Ziwa Victoria, upande wetu wa Kenya, waliamka wakakuta samaki wengi wanaelea wamekufa, na uchunguzi ukataja upungufu wa oksijeni. Ikiwa ziwa zima laweza kukosa pumzi, sembuse kijitangi cha lita hamsini?

Hatari ya tatu ni ya kimyakimya. Katika mchanga na filta ya tangi lako wanaishi bakteria wema. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria hao huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Dawa kali ikiwadhuru wafanyakazi hao, nao mwani unaooza ukizidi kuongeza amonia, samaki aliyeokoka siku ya kwanza aweza kufa siku ya nne, ilhali maji yanang'aa kama glasi ya hoteli.

Kuna dawa nyingine zisizo na shaba. Baadhi zina glutaraldehaidi, kemikali ileile inayotumiwa hospitalini kuua viini katika vyombo vya tiba; mvuke wake huwasha macho na kifua, na tone lake huchoma ngozi. Wengine hutumia peroksaidi ya haidrojeni. Wapo pia wanaotia vidonge vya kuua bakteria wakiona utando wa kijani wenye harufu mbaya unaobanduka kama ngozi. Utando huo kwa hakika si mwani bali ni aina ya bakteria, lakini vidonge hivyo si vya kuchezea bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Sisemi kwamba kila dawa ni haramu. Nasema iwe hatua ya mwisho, na isipimwe kwa macho. Chukua rula. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 lina lita 54 likijaa pomoni. Toa mchanga, mawe na nafasi iliyoachwa juu, utabaki na lita 45 au pungufu. Ukitia dawa ya lita 54, tayari umezidisha. Tena soma vizuri kipimo cha galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, na ile ya Uingereza ni lita 4.5. Dawa ikiwa ya Marekani nawe ukahesabu galoni za Uingereza, au kinyume chake, hesabu yako imeharibika kabla hujafungua kizibo. Na ikiwa una konokono au uduvi, dawa ya shaba usiiguse kabisa.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwani hauji kwa uchawi. Hukua kama mimea, nao hutaka mambo mawili: mwanga na mbolea. Mwanga wautoa wewe unapoweka tangi karibu na dirisha, au unapoacha taa ikiwaka tangu asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku. Mbolea waitoa wewe unapolisha kupita kiasi na kujaza samaki wengi katika nafasi ndogo. Samaki wangu sita walikuwa wengi mno kwa tangi la sentimita 60, nao walikuwa wakilishwa na kila mgeni aliyeingia. Kijani kile hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa barua, nami badala ya kuisoma nikaichoma moto.

Basi fanya hivi. Hamisha tangi mbali na jua. Washa taa kwa saa sita hadi nane tu kwa siku. Lisha kiasi ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili. Kila juma badilisha robo ya maji. Mapya yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini iondoke, na ndoo hiyo isiwe imewahi kutiwa sabuni. Kwangua kioo kwa kitambaa kisicho na sabuni, ng'oa ndevu za mawe kwa mkono. Filta isuuze kwa maji uliyotoa tangini, si ya mfereji, ili usiwaue wale bakteria wema. Tangi likiwa jipya na lina vumbi la hudhurungi vioo vyote, usihangaike. Aghalabu hupungua lenyewe baada ya majuma kadhaa.

Yote haya huchukua majuma matatu au manne kuonyesha matunda. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na kama umekwisha mimina dawa na samaki wanahema? Usingoje. Toa nusu ya maji na utie mapya yasiyo na klorini, yenye joto linalolingana. Washa pampu ya hewa isizimwe usiku kucha. Ondoa mwani uliokufa na kila samaki aliyekufa. Tia katika filta mkaa maalumu wa kuchujia, si makaa ya jiko. Samaki wetu wawili walipona kwa njia hiyo.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, jaribu jambo moja. Jaza maji ya tangi katika chupa mbili zinazoangaza. Moja iweke dirishani, nyingine kabatini gizani. Baada ya majuma mawili zilinganishe, kisha mweleze mwalimu wako wa sayansi ni ipi iliyohitaji dawa na ni ipi iliyohitaji pazia.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo hadi leo likinijia usiku hunitoa usingizi.

Jumapili ile, wakwe walipokuwa wameondoka nasi tumechoka kwa aibu na huzuni, niliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa. Kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa ameketi chini ya meza na chupa ile ya soda mapajani. Alikuwa akikizungusha kizibo kwa meno. Alinionyesha kwa furaha: "Soda!"

Alhamdulillahi, kizibo kilikuwa kimekazwa. Nilimnyang'anya hata akalia. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu nikiishika chupa hiyo. Nilikuwa nimelia samaki wanne siku nzima, kumbe msiba mkubwa ulikuwa ukinichungulia chini ya meza.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, chupa ya soda ni soda. Haijui mrututu, wala haijui maji ya samaki. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kataa dawa yoyote iliyomiminwa katika chupa ya soda, ya maji au ya maziwa. Nunua iliyo katika chombo chake chenye jina, kipimo na onyo, au usinunue. Iweke juu, mbali na chakula, kabati lifungwe kwa ufunguo. Na ikitokea mtoto ameimeza, msukutue kinywa, usimlazimishe kutapika, mkimbize hospitali iliyo karibu na uibebe chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

Tangi lingali sebuleni kwetu. Lina samaki wawili tu, na kona moja ya kioo ina kijani kidogo ambacho hatukikwangui. Binti yangu ndiye aliyeamua kibaki. Mgeni akiuliza, yeye humjibu kabla sijafungua mdomo: "Hicho ndicho kinatuambia tukiwalisha kupita kiasi."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.