Kocha Mzuri Hatoi Fotokopi

Vijana wa Nax, acha tuseme ukweli. Hii biashara ya "ukocha wa uongozi" inatuchezea. Unalipa, unaketi siku nzima kwa hoteli, unafundishwa kusimama kama mheshimiwa, kukohoa kama mheshimiwa, hadi kutikisa kidole kama mheshimiwa. Jioni unapewa cheti. Kesho kwa mkutano wa chama watu wanakuangalia wakijiuliza: huyu ni nani, na yule tuliyemzoea ameenda wapi?

Huo si ukocha. Hiyo ni fotokopi.

Mnataka kuona ukocha? Faith Kipyegon ni wetu, wa Keringet, hapa hapa kaunti ya Nakuru. Kocha wake ni Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya Olimpiki kule Barcelona 1992. Sang huyo huyo ndiye aliyemlea Eliud Kipchoge tangu ujana. Kama ukocha ungekuwa kunakili, hawa wawili wangefanana. Wanafanana wapi? Kipchoge huongea kama mzee wa baraza, kila sentensi na funzo lake. Faith ni wa tabasamu na maneno machache. Lakini 2023, alipovunja rekodi ya dunia ya maili kule Monaco kwa 4:07.64, wapinzani aliowaacha nyuma ndio walimzunguka wakamkumbatia. Heshima kama hiyo haiko kwa kidole.

Ati hao ni wanariadha tu, uongozi ni kitu kingine? Zii. Kule kambini Kaptagat, Kipchoge akiwa bingwa wa Olimpiki bado aliosha vyoo kwa zamu kama wengine. Nani atakataa zamu yake hapo?

Na walianzaje? Kipchoge alimwomba Sang programu ya mazoezi. Akapewa ya wiki mbili. Akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Hotuba haikuwepo, cheti pia hakikuwepo.

Kwa hivyo kabla utoe pesa, uliza swali moja: huyu kocha atanitazama nikifanya kazi, ama ni mimi nitamtazama akiongea? Kama ni yeye ataongea, weka pesa mfukoni. Tafuta mtu anayekujua, mwalimu wa timu au yule mama mweka hazina wa chama. Aje akuone ukiendesha mkutano mmoja, akuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Wiki ijayo, arudi.

2027 si mbali. Tukiendelea na hizi semina, tutapigia kura fotokopi za wale wale tunaowalalamikia kila siku.