Bustani ya Nyumbani: Tenga mbegu kabla ya kupika



Mwaka jana, mwezi wa tisa, tulikosea. Mvua ya kwanza iliponyesha tulikimbia sokoni, tukanunua maharagi yale ya kupika, tukayapanda nyuma ya nyumba. Kwa macho yalikuwa mazuri. Kisha siku kumi tukahesabu: katika mashimo ishirini, saba tu ndiyo yalikuwa yameota. Tulipofukua mengine tukakuta mbegu zina matundu ya wadudu. Na mbegu yetu wenyewe ilikuwa wapi? Tulikuwa tumeila mwezi wa nane, mafranga yalipokwisha nyumbani. Tunajua hatuko peke yetu katika jambo hilo.

Sasa maharagi ya musimu B yanakaribia kukomaa hapa kwetu Kivu. Huu ndio wakati wa kufikiri juu ya mbegu, yangali shambani bado. Tunasema hasa juu ya maharagi yanayopanda kwenye miti, kwa sababu bustani zetu ni ndogo, na haya yanatafuta nafasi juu, si chini.

Chagua shina, usichague punje tu. Pita asubuhi katika bustani, funga kitambaa kwenye mashina yenye nguvu na maganda mengi. Shina ambalo majani yake yamejikunja na kuwa na mabaka ya kijani na manjano, usilifunge. Vilevile lile ambalo maganda yake yana vidonda vyeusi vilivyozama. Magonjwa hayo yanasafiri ndani ya mbegu mpaka musimu ujao. Ua la haragi mara nyingi linajichavusha lenyewe, kwa hiyo mtoto anafanana na mama: shina zuri litakupa mashina mazuri. Kwenye mashina yenye kitambaa usichume mushogoro.

Vuna kwa wakati. Ganda likikauka, livune. Ukiliacha sana, wadudu wanataga mayai yao huko huko shambani, na wewe unawabeba mpaka nyumbani. Anika juu ya mkeka, si juu ya udongo. Kujua kama mbegu imekauka, tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu inayoonyesha ndani, ongeza punje za maharagi, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mbegu juani.

Tunza vizuri. Toa punje zilizovunjika, zenye madoa au matundu. Changanya zilizobaki na majivu makavu, yaliyopoa na kuchungwa. Jaza bidoni safi mpaka juu, ufunge kwa nguvu. Hewa ikikosekana, wadudu waliomo wanakufa. Na mbegu iliyotiwa dawa ya dukani isiingie kamwe katika chungu. Iweke mbali na watoto.

Jaribu kabla ya kupanda. Funga punje kumi katika kitambaa chenye maji, kisha juma moja fungua. Zikiota nane au zaidi, panda bila hofu. Zikiota sita au saba, ongeza punje katika kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine.

Panda, kisha acha mizizi. Mstari kwa mstari acha sentimeta 50, shimo kwa shimo 20, punje mbili katika shimo. Simika miti ya metro mbili au zaidi mapema, kabla vikonyo havijashikana. Wakati wa kuvuna, kata shina, usiling'oe. Shuleni tunawaonyesha wanafunzi vinundu vidogo juu ya mizizi: ukivipasua vikiwa na rangi nyekundu ndani, vinafanya kazi ya kulisha shina kwa hewa. Mizizi ikiozea udongoni, lengalenga itakayofuata inafaidika.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Bustani ya metro tano kwa nne inachukua mashimo karibu 200, ni kusema punje 400. Ukizipima, ni karibu kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikipikwa hakitoshi hata mlo mmoja wa familia yenye watu wengi. Kikipandwa, kinaleta chakula cha milo mingi, na mbegu tena. Weka vikombe viwili, kimoja cha akiba kama mvua itaharibu cha kwanza.

Lakini hatuwezi kumwambia mama ambaye mtoto wake analia njaa mwezi wa nane asiguse bidoni. Hatungeweza kujizuia sisi wenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza jambo hili kwa kila kikundi: mbegu isikae katika nyumba moja. Kikombe kimoja kibaki kwako, cha pili kiwe kwa jirani, na chake kwako, katika bidoni yenye alama. Mama aliyekosa kabisa aazimwe kikombe, arudishe kimoja na nusu baada ya mavuno. Nusu hiyo itamngojea mama mwingine.

Katika mkutano wa mwezi wa nane, kila mmoja alete punje kumi katika kitambaa chenye maji, alizozifunga juma moja mbele. Tutazifungua pamoja na kuhesabu. Sisi pia tutaleta zetu.