Baiskeli na Hadhi Yake Mau Narok

Aghalabu baiskeli husifiwa imzungushapo mgeni kando ya fukwe za Unguja, ilhali Mau Narok, imbebeapo mkulima gunia la viazi, huhesabiwa kuwa dalili ya ufukara. Mtazamo huu una kasoro. Barabara itokayo Njoro, kilipo Chuo Kikuu cha Egerton, hupanda hadi mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, katikati ya mashamba ya ngano na shayiri. Anayeikwea kwa baiskeli hana tofauti na mwanamichezo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017.

Lugha nayo inashuhudia dharau hiyo. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda likiitaja baiskeli. Leo pikipiki imelitwaa. Baiskeli imepokonywa jina, na barabarani inasukumwa pembeni na malori. Hivyo basi, kila barabara ya Mau ikarabatiwapo, waendesha baiskeli watengewe njia yao. Mkulima naye ana haki ya kufika nyumbani salama.