Muhuri wa mhandisi bila bima ni wino mtupu

Mjini Embu kuna mtaa unaitwa Dallas. Si ule wa Texas. Huu ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, na swali la mpangaji wa huko ndilo la mpangaji wa Kisauni au Majengo: jumba hili likianguka, nani atalipa?

Machi 2013 jumba la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Aprili 2016 ikawa Huruma, Nairobi, tukapoteza watu wasiopungua 50. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Kila mara tunazika, tunasema ni kadari, mwenye jumba anasakwa na polisi. Fidia ya yatima haizungumzwi.

Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika nchini Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Ni hatua njema. Lakini tuangalie pesa. Mhandisi akikosea hesabu ya vyuma, waliofiwa wanaweza kumshtaki na wakashinda. Ikiwa mali yake ni ofisi ya kukodi na gari kuukuu, watarudi nyumbani na karatasi ya hukumu. Bima ya dhamana ya kitaaluma ndiyo hujaza pengo hilo: hulipa hasara iliyotokana na kosa la mtaalamu kazini.

Matatu ya abiria 14 hairuhusiwi barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Nani hukagua bima ya aliyepitisha jumba linalolaza familia 30?

Hata cheti cha bima kikiwepo, kisomeni vizuri. Kwa kawaida bima hii huangalia siku dai lilipowasilishwa, si siku kazi ilipofanywa. Mhandisi aliyepitisha jengo leo, akaacha kulipia bima mwaka ujao, amewaacha wapangaji uchi. Ufa nao huchukua miaka kujitokeza. Ufaransa waliliona hilo mapema: tangu 1978 sheria yao inadai bima ya miaka 10 baada ya jengo kukabidhiwa. Pia, mtaalamu anayekodisha muhuri wake kwa fundi asiyesajiliwa asitarajie kampuni ya bima kumbeba.

Tuseme ukweli vilevile: bima humfuata anayetia saini. Jumba la Huruma lilikuwa tayari limewekwa alama ya kubomolewa, na watu wakaendelea kulipa kodi. Pale pasipo na saini halali, dawa ni kaunti kufunga mlango kabla mpangaji wa kwanza hajaingiza godoro.

Kuna wanaosema gharama ya bima itamsukuma mjenzi mdogo kwa fundi wa bei rahisi. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana vyama vya wataalamu vikate bima ya pamoja, mzigo ugawanywe. Na kwa ndugu wanaoona bima ya kawaida ina shaka kidini, takaful imekuwepo Kenya tangu 2011. Fikra yake si ngeni kwetu: katika fiqhi, diya ya kuua bila kukusudia hubebwa na jamaa wa mkosaji kwa pamoja.

Kwa hivyo kaunti zetu za Pwani, na Embu pia, zidai cheti cha bima kabla ya kuidhinisha ramani, na zikikague tena kabla ya kutoa kibali cha kuishi. Kibao cha mjengo, kando ya majina ya msanifu na mhandisi, kiandikwe kampuni ya bima na tarehe ya mwisho. Nawe unayehamia, muulize mwenye nyumba kibali hicho kabla ya kutoa deposti.

Tawakali ni wajibu. Lakini ngamia hufungwa kwanza.